Funguo mbili zilizopotea njiani kuja Tukuyu

Bahasha iliwekwa mezani kwangu Jumapili jioni, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo. Aliyeileta ni kijana anayepanga nyumba ya pili kutoka kwangu hapa Uyole, Mbeya. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Hakukaa. Alitaka nimwandikie barua ya malalamiko kwenda Mamlaka ya Mawasiliano kwa sababu, kwa maneno yake, karani wa posta kule kwao Tukuyu amewaibia funguo za marehemu baba yao.

Alinifuata mimi kwa kuwa anajua nilikuwa mtu wa posta. Niliingia kazini mwaka 1986, posta na simu zikiwa bado shirika moja. Mwaka 1994 Shirika la Posta Tanzania lilipoanza kusimama peke yake nikabaki upande wa barua, na hadi nastaafu nilikuwa nimechambua barua kwa mikono hii miaka 31. Nikamwomba aniachie bahasha hadi kesho yake. Kumwita mtu mwizi kwenye karatasi yenye sahihi si jambo la kufanya kwa hasira za Jumapili moja, na bahasha iliyochanika ina mengi ya kusema kwa anayejua kuitazama.

Familia imenikubalia nikieleze kisa hiki, majina yao yakibaki kwao. Nakieleza kirefu kwa sababu aliyetukanwa ni mtu mwenye kazi kama niliyoifanya mimi, na kwa sababu kosa lililofanyika linaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye ndugu ng'ambo.

Baba yao alikuwa mwalimu mstaafu. Alifariki mwezi wa sita, wakati baridi ya Tukuyu inapouma kweli kweli na ukungu haupandi mlimani hadi saa nne. Aliacha shamba la chai, migomba, na sanduku la chuma la rangi ya kijani lenye kufuli. Humo ndimo zilimokuwa karatasi zote: za shamba, za pensheni, vyeti vya watoto. Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliagiza sanduku lisiguswe hadi kikao cha mwezi wa tisa, watoto wote wakiwapo au wakiwa kwenye simu. Funguo mbili za kufuli hilo, zikiwa kwenye kipete kimoja cha waya, akakabidhiwa kaka mkubwa, maana ndiye aliyesimama mahali pa baba siku zile za msiba.

Kaka mkubwa anaishi Marekani, jimbo la Minnesota. Alikuja na koti zito, akalivaa siku zote za msiba kwa ile baridi, akaondoka nalo. Funguo zilikuwa mfuko wa ndani. Alizigundua wiki ya pili baada ya kufika kwake, koti lilipokuwa linapelekwa kufuliwa.

Aliyoyafanya hapo ndiyo kiini cha kisa hiki. Alichukua bahasha ndefu nyeupe ya kiofisi, akamwandikia mama barua ya ukurasa mmoja, akabandika funguo chini ya maandishi kwa gundi ya utepe, akakunja karatasi mara tatu, akafunga. Akapima kwenye mizani ya jikoni. Ilikuwa chini ya gramu 28, uzito ambao stempu moja ya kimataifa ya kule inautosheleza kwenda nchi yoyote duniani. Akabandika stempu hiyo, ile ya duara, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua la barabarani akiwa njiani kwenda kazini.

Bahasha ilifika wiki ya sita. Ilitumwa kwa S.L.P. ya shule ya msingi aliyofundisha marehemu, kama barua zao zote tangu zamani. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maneno ya Kiingereza yaliyochapwa ya kuomba radhi kwa barua kuharibika. Juu ya plastiki, kwa kalamu ya bluu, karani wa Tukuyu alikuwa ameandika "Imepokelewa hivi", tarehe, na herufi mbili za jina lake. Barua ya mama ilikuwamo. Funguo hazikuwamo.

Mdogo mtu, huyu jirani yangu, ndiye aliyekwenda kaunta. Alimwambia yule dada karani mbele ya watu wote kwamba ameshika bahasha, amehisi kitu kigumu, amedhani ni pesa, amechana, amekuta funguo, amezitupa kwa aibu, kisha ameandika "Imepokelewa hivi" ili kujifunika. Dada alimjibu mara moja tu kwamba ndivyo ilivyotoka kwenye mfuko wa barua. Halafu akanyamaza, watu wakachukua ule unyamavu kuwa ndio jibu.

Nilikaa na bahasha ile usiku, taa ya meza karibu, na lenzi ninayosomea magazeti.

Jambo la kwanza nililotafuta ni jinsi ilivyofunguka. Mkono unaoiba una njia zake, na kwa miaka 31 nimeziona karibu zote, maana barua zilizochezewa zilikuwa zinaletwa kwetu kuandikiwa taarifa. Mwizi huanzia kwenye ulimi wa bahasha: ataupasha mvuke, au ataingiza kijiti na kuuviringisha. Mwenye haraka hupasua ukingo kwa wembe, na ukingo wa wembe huwa umenyooka. Bahasha hii ulimi wake ulikuwa umeshika kutoka mwanzo hadi mwisho, gundi haijaguswa. Tundu lilikuwa kwenye upande mfupi, kona ya chini, upana wa kidole gumba. Nyuzi za karatasi pale zilikuwa zimelala kuelekea nje zote. Kitu kilikuwa kimetoka ndani kikisukuma. Hakuna mkono ulioingia pale.

Nikaitoa barua ya mama na kuikunjua. Utepe wa gundi ulikuwa bado umeshika karatasi, umevutika na kukunjamana upande mmoja, na chini yake kulikuwa na umbo la funguo mbili, moja juu ya nyingine, limegandamizwa kwenye karatasi hadi unaweza kuhesabu meno kwa ukucha. Nilihesabu: matano na matano. Karatasi iliyokaa ndani ya gunia la barua, hata likiwa chini ya magunia mengine, haipati alama ya namna ile. Mgandamizo ule ni wa kitu kilichobanwa kwa nguvu kutoka pande mbili kwa mara moja, kisha kikaburutwa. Kutoka pale zilipobandikwa kulikuwa na mikwaruzo miwili sambamba ikielekea kwenye kona yenye tundu.

Nje ya bahasha kulikuwa na mstari wa weusi, mpana kama kidole, umepita katikati kwa urefu wote. Nililowesha kitambaa nikakisugua kidogo, rangi ikatoka kijivu: mpira. Stempu ilikuwa imefutwa kwa muhuri wa mashine, jina la mji na tarehe na mistari ya mawimbi, safi na iliyonyooka. Muhuri wa mkono ni duara, na mara nyingi hukaa upande kwa sababu aliyeupiga ni binadamu. Mgongoni mwa bahasha kulikuwa na vistari vidogo vya wino wa rangi ya chungwa, ambavyo mashine za kule huzichapa barua ili zitambulike zikifika mashine inayofuata. Kwenye posta zetu za huku hatukuwa na wino wa namna hiyo, na muhuri wetu hatukuugonga kwa mawimbi.

Kwa hiyo nilijua bahasha ilipita kwenye mikanda ya mashine, na nilijua ilichanikia huko. Plastiki yenyewe ilishasema hivyo kwa yeyote aliyeisoma: mfuko ule huvishwa na posta ya kule barua inapoharibika mikononi mwao, kabla haijapanda ndege. Karani wa Tukuyu hawezi kuwa na mifuko iliyochapwa maneno hayo. Mdogo mtu aliishika wiki nzima bila kuyasoma, kwa sababu alikuwa ameshajua mwizi ni nani.

Sasa nieleze mashine, maana hapa ndipo wengi wetu hatuna picha.

Sisi tulikuwa tunachambua barua tumesimama mbele ya kabati la visanduku, kila kisanduku na mji wake: Iringa, Makambako, Njombe, Songea, Sumbawanga, Tukuyu, Kyela. Nilipokuwa na mikono mizuri nilifika barua 30 kwa dakika. Mashine kubwa za Marekani hupitisha zaidi ya 30,000 kwa saa, yaani barua nane na ushee kila sekunde. Barua inasimama kwa ukingo wake mrefu, inabanwa kati ya mikanda miwili ya mpira, inakimbizwa, inapindishwa kwenye rola moja baada ya nyingine, inasomwa na kamera, kisha inasimamishwa ghafla ndani ya kisanduku chake. Karatasi inapinda kwenye rola bila shida. Ufunguo haupindi. Barua ikiwa imesimama hivyo, kitu kizito ndani yake kinajaribu kushuka chini, na inaposimama ghafla kitu hicho kinaendelea kwenda mbele. Chini na mbele: kona ya chini ya upande mfupi, pale pale palipotoboka.

Sheria za kule zinalijua hilo na zimelipangia. Barua ya mashine lazima iwe mstatili, urefu wake ukigawanywa kwa kimo upate kati ya 1.3 na 2.5. Unene usizidi robo inchi, kama milimita sita, na uwe sawa kila mahali. Ipinde. Isiwe na kamba, kifungo wala kibanio cha chuma. Bahasha ya mraba, kama zile za kadi za harusi wanazozipenda vijana wetu na kuzifunga utepe, haimo, kwa sababu mashine haiwezi kujua upande upi ndio wa juu. Isiyotimiza masharti hayo hutozwa nyongeza na kupitishwa kwa mikono. Tangu mwaka 2010 wanatoa hata stempu za kipepeo, zenye thamani ya barua pamoja na nyongeza hiyo kwa barua za ndani ya nchi, na watengenezaji wa kadi huchapa umbo la kipepeo kwenye kona ya bahasha ili mnunuzi ajue hii inataka stempu ile. Mpango huo naupenda sana. Mtu asiyejua kanuni hata moja anaangalia picha, anafanya sawa.

Na mikono haijaisha huko, ingawa watu hapa hudhani imeisha. Anwani ikishindikana kusomeka na mashine, picha yake hutumwa kituo maalumu, kama kile cha Salt Lake City, mtu akaisoma kwa macho na kuiandika. Zamani vituo vya kazi hiyo vilikuwa vingi nchini kwao, vikafungwa kimoja kimoja kadiri mashine zilivyojifunza kusoma, lakini kazi yenyewe haijaisha. Nasema haya kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa wenzangu, kwamba kazi ya mkono ya posta ni ya nchi zilizochelewa. Kazi ya mkono ni ya barua ambayo mashine itaiumiza. Tofauti ni kwamba kwetu kila barua inafika mkononi yenyewe, na kwao mtumaji lazima aseme, na alipe, ili barua yake ipelekwe mkononi.

Kaka mkubwa hakusema. Hilo si kwa ubaya wala uzembe. Alikulia Tukuyu na kusoma Iringa, ambako tangu utoto swali la posta ni moja: ina uzito gani? Karani anaweka kwenye mizani, anataja bei, unalipa. Yeye alipima, tena kwa uangalifu, na uzito ulikuwa sawa. Umbo ndilo halikuwa sawa. Funguo mbili zikilaliana na kipete chake, karatasi imekunjwa mara tatu juu yake, unene unaweza kuzidi milimita sita, tena pale katikati tu, pembeni pakiwa pembamba. Na kwa kuwa aliitumbukiza kwenye sanduku la barabarani, hakuna mkono wa mtu uliowahi kuhisi kile kivimbe na kumwambia, "Ndugu, hii haipiti."

Kuna kosa la pili, na hili hata mimi ilibidi nilisome upya. Tangu Januari 2018 barua ya kawaida inayotoka Marekani kwenda nje inaruhusiwa kubeba karatasi tu. Kitu kingine chochote, hata kikiwa kidogo na chepesi kama ufunguo, ni kifurushi: kinajaziwa fomu ya forodha, kinabandikwa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi kilikotoka. Bei yake ni mara kadhaa ya stempu moja. Lakini kifurushi hakiingii kwenye mikanda ya barua, na ile namba ingetuwezesha kujua kilionekana wapi mara ya mwisho. Barua ya kawaida haina namba. Ikipotea, imepotea kimya, na kimya hicho hujazwa na lawama kwa mtu wa mwisho kuishika.

Nilimwita jirani yangu Jumatatu jioni. Nilimwekea bahasha chini ya taa nikampa lenzi, nikamwomba aangalie nyuzi za karatasi pale kwenye tundu aniambie zimeelekea wapi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Zimetoka nje." Nikampa barua ya mama, nikamwonyesha meno matano. Hakusema kitu. Alipitisha ukucha juu yake, taratibu, kama mtu anayesoma. Barua ya malalamiko haikuandikwa.

Tulijaribu kuzitafuta funguo. Kule Marekani vitu vinavyookotwa chini ya mashine, vikiwa havina dalili ya mwenyewe, hupelekwa ofisi moja iliyoko Atlanta, mrithi wa ofisi ya barua zisizo na mwenyewe iliyoanza mwaka 1825. Mtu anaweza kujaza ombi la utafutaji akieleza kitu chake. Tulimpigia kaka mkubwa, nikamwongoza: funguo mbili za shaba, kipete cha waya, meno matano, namba iliyogongwa kichwani kama anaikumbuka. Hakuikumbuka. Hakuwa amepiga picha wala kuning'iniza kibao chenye anwani, na funguo mbili tupu za kufuli, katikati ya funguo zote zinazodondoka nchi nzima, hazina jinsi ya kusema zinakwenda Tukuyu. Hazikupatikana. Kipande cha plastiki chenye S.L.P. ya shule, kimefungwa kwa uzi kwenye kile kipete, huenda kingezirudisha nyumbani.

Kuna lawama nyingine nataka niiweke mahali pake, nayo ni yetu sisi watu wa posta. Niliuza stempu miaka mingi na sikumbuki hata siku moja kumweleza mteja kinachofaa kukaa ndani ya bahasha na kisichofaa, isipokuwa pesa taslimu, ambazo tuliwakataza. Watu walituma funguo, mbegu za maharage, vifungo, miwani. Tulizipokea kwa sababu mikono yetu ilizimudu. Tulizitenga pembeni, tukazifunga kwenye fungu la juu, tukaandika "taratibu". Tulikuwa tunawahudumia vizuri, na huku tunawafundisha kwamba bahasha inabeba chochote. Ningekuwa na kaunta leo ningebandika karatasi ukutani, herufi kubwa, kwa Kiswahili: kitu kigumu kisichopinda hakitumwi kwa bahasha, hasa kwenda au kutoka nchi za mashine, kiweke kwenye kiboksi, kitume kwa rejista.

Kikao cha ukoo kilifanyika mwishoni mwa mwezi wa tisa na mimi nikaalikwa. Mama alikuwa anaogopa kuvunja kufuli la mumewe. Aliona ni kama kuvunja neno la marehemu. Mzee mmoja wa ukoo alimweleza kwamba funguo hazikuibwa wala hazikutupwa, zilikuwa zinarudi zikapotelea njiani, na kwamba hilo si kosa la mtu wa nyumba ile. Ndipo akaitikia. Fundi alikata kufuli kwa msumeno wa chuma kwa muda usiofika dakika kumi, kaka mkubwa akitazama kwenye simu.

Karatasi za shamba zilikuwamo, kavu. Chini yake kulikuwa na fungu la barua limefungwa kwa kamba ya katani. Zilikuwa barua zote ambazo kaka mkubwa alimwandikia baba yake akiwa sekondari ya bweni Iringa. Mama aliniruhusu nizishike. Muhuri wa Iringa, duara, umekaa upande. Barua za Iringa kwenda Tukuyu wakati ule zilikuwa zinapita Mbeya, kwenye kabati letu. Nilizipanga magotini moja moja, sikuweza kusema neno kwa muda.

Suala la yule dada wa kaunta lilibaki. Nilimwambia jirani yangu wazi kwamba tusi lililotolewa mbele ya watu haliwezi kuombewa radhi kwa simu. Alikubali, ingawa aliona aibu sana. Tulikwenda Jumanne asubuhi, yeye, mama na mimi, tukasubiri hadi foleni ikawa na watu sita au saba. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba alimwita dada huyu mwizi, na kwamba alikosea, barua iliharibikia ng'ambo. Dada alimsikiliza hadi mwisho. Alisema tu kwamba siku ile alitaka kuikabidhi bila kuandika chochote, ila aliyemfundisha kazi alimwambia kila kinachofika kimechanika uandike hivyo hivyo kabla hujakitoa mkononi. Mama akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo."

Hatukwenda mikono mitupu. Wazee walikuwa wameamua kufuli jipya liwe na funguo tatu: mmoja kwa mama, mmoja kwa dada yao aliyeolewa Kyela, mmoja kwa kaka mkubwa, kwa kuwa mahali pa baba bado ni pake hata akiwa mbali. Wa kaka nilikuwa nimeufunga mwenyewe usiku. Nilikata kadibodi ya unene wa ufunguo, nikachonga nafasi ya umbo lake, nikaulaza humo usicheze, nikafunika kwa kadibodi nyingine juu na chini, nikaweka ndani ya kiboksi kidogo. Kwenye tundu la ufunguo nilifunga kibao cha plastiki, nikaandika kwa wino usiofutika S.L.P. ya shule, Tukuyu, Tanzania.

Dada wa kaunta alitupatia fomu ya forodha. Jirani yangu aliijaza: ufunguo mmoja, chuma, si zawadi, si mauzo. Dada alipima, akataja bei ya kurejista, mama akahesabu noti kutoka kwenye kona ya kanga. Stempu zikabandikwa, lebo ya rejista ikabandikwa, muhuri ukagongwa kwa mkono mara mbili. Mama akauliza kama itafika.

Dada alikichukua kiboksi, akakisogeza karibu na sikio, akakitikisa. Alikitikisa tena, kwa nguvu zaidi.

"Hakilii, mama," akasema, na kukiweka peke yake kwenye mfuko wa rejista unaoondoka kesho.